Yahusu: Sanduku la Miwani

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa mahakama kule Bukavu, yule ambaye kwetu anaitwa greffier, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona mtu aliyepata shida kwa kuwa na karatasi nyingi mno. Walioumia ni waliokosa. Hata vita vilipotufukuza mwaka 1998, kwenye kizuizi cha kwanza askari waliyaacha masufuria yetu, wakaliacha godoro, wakataka attestation, hati ya kumthibitisha mtu. Nilikuwa nazo tatu. Mke wangu Eugénie husema tulipita kwa sababu yule askari alichoka kuzitazama, lakini tulipita.

Naeleza haya mapema ili ijulikane kwamba nilipoiandikia Bodi sikuwa nimerukwa na akili, kama ilivyosemwa baadaye kwenye foleni ya bomba.

Mwaka 2000, tukiwa mwaka wa pili hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya Lilongwe, kanisa letu lilipokea sanduku la miwani kuukuu kutoka kwa Wakristo wa Ulaya. Ilikuwa miwani ya kusomea, jozi mia moja arobaini na tatu, ya watu ambao macho yamechoka kwa umri na sasa wanashika barua mbali na pua. Mchungaji hakujua aifanyie nini. Eugénie alijua. Kabla ya vita alikuwa msaidizi katika zahanati ya macho ya masista kwa miaka kumi na mmoja. Akiishika miwani mbele ya dirisha na kuisogeza juu chini, anakuambia nguvu yake bila kutafuta palipoandikwa.

Basi kila Jumanne na Ijumaa alikaa kwenye baraza ya kanisa, amejifunga kitenge kisafi, sanduku miguuni, watu wamepanga foleni. Alikosa kitu kimoja tu: kadi ya kupimia macho, ile yenye herufi zinazopungua ukubwa. Ya masista ilibaki Bukavu. Kwa hiyo alitumia karatasi pekee ya Kiswahili iliyokuwa imepigwa chapa vizuri pale kanisani, yaani wimbo wa kwaya yetu uitwao “Umetuvusha Maji”, beti sita na kiitikio. Niliupiga chapa mimi mwenyewe. Mtu anaketi, anavaa miwani, anashika karatasi, anasoma. Akisoma bila kukwama, miwani ni yake.

Watu walisoma vizuri ajabu. Wengine walisoma kwa sauti ya pili. Mzee mmoja wa Fizi alisoma beti zote sita akitazama dari kila alipofika kwenye kiitikio, akaenda na miwani yake akishukuru. Jirani yetu Godelive, mshonaji kutoka Uvira, alisoma mpaka foleni nzima ikamwitikia. Wiki iliyofuata alishona mfuko wa suruali ya Mchungaji ukafungika kabisa, hata mkono haukuingia, na sote tukakubaliana kwamba kosa ni la kitambaa cheusi na uzi mweusi.

Mimi nilikuwa wa kwanza kabisa kupimwa. Nilichagua fremu nyeusi, nene, kama za rais wa mahakama yetu. Nilisoma wimbo wote bila kukosea hata nukta.

Hakuna aliyewahi kumuuliza Eugénie leseni, na hilo ndilo lililoninyima raha. Kisha, Julai 2001, afisa mmoja wa afya alipita na pikipiki, akaitazama ile foleni, akaniambia kwa upole kabisa, “Kazi ya miwani hapa nchini ina Bodi yake, iko mjini.” Akapiga pikipiki teke, akaenda zake. Kwa mtu mwingine hayo ni mazungumzo. Kwangu mimi ilikuwa notisi.

“Mama Aline,” nilimwambia mke wangu tukila nsima, ugali wa huku, mchana ule. Aline ni binti yetu mkubwa, aliyebaki Bukavu kwa mumewe. “Tuko na shida ya sheria.”

“Nani alitushitaki?”

“Hakuna mutu.”

“Sasa shida iko wapi?”

“Njo hiyo shida yenyewe.”

Nikamweleza. Siombi leseni, maana diploma zake zote ziliungua pamoja na nyumba, na bila diploma hakuna leseni. Naomba uamuzi rasmi: je, kazi anayoifanya ni ya aina inayohitaji leseni, au si ya aina hiyo? Bodi ikisema haihitaji, na ikiandika, na ikipiga muhuri, hakuna mtu chini ya jua atakayemgusa.

“Na bakisema inaomba leseni?”

“Basi tutajua.”

“Mi sitaki kujua, Papa Aline. Mi nataka bantu baone.”

Hapo sina budi kusema ukweli. Kambini sote tulikuwa tumekuwa kitu kimoja: namba kwenye kadi ya chakula. Lakini Jumanne na Ijumaa Eugénie alikuwa tena Mama Eugénie wa zahanati. Siku hizo alitembea namna nyingine, aliongea namna nyingine, hata mimi alinifokea namna nyingine, kwa furaha. Niliogopa kwamba siku moja mtu mwenye kofia atafika na kumnyang’anya. Nilitaka kumwekea ukuta wa karatasi pande zote. Nilimpenda, na hiyo ndiyo njia niliyoijua.

Niliandika ombi kwa mashine ya chapa ya kanisa. Mimi siitazami mashine ninapopiga. Aliyenifundisha alikuwa akifunika vidole vyetu kwa gazeti, na tangu hapo sijahitaji kutazama chini. Lilikuwa ombi la kurasa nne, kwa Kiingereza nilichojifunza hapa hapa kambini juu ya msingi wa Kifaransa. Lilianza hivi: “Nina heshima kubwa ya kuja mbele ya mamlaka yenu tukufu.” Halafu yakaja maelezo ya mambo yalivyo, halafu swali, halafu hoja, halafu ombi lenyewe. Mwisho niliambatanisha orodha ya watu wote waliokwisha pewa miwani, kwa majina na namba za nyumba.

Eugénie aliipima ile bahasha mkononi.

“Mutu akiiba mbuzi anaficha,” akasema. “We hukuiba kitu, lakini unaenda kujiripoti, tena na bashahidi mia moja!”

“Ukweli hauogopi bashahidi.”

“Ukweli hapana. Mi njo naogopa.”

Nilipata kibali cha kutoka kambini, nikapanda matola, pikapu ya mizigo na abiria, juu ya magunia ya maharage mpaka barabara kuu, kisha minibasi hadi mjini Lilongwe, kisha miguu hadi mtaa uitwao Area 47. Bodi ya Miwani na Macho ilikuwa imepanga nyumba ya kawaida ya kuishi. Chumba cha kulala ndicho kilikuwa ofisi ya leseni, na jikoni palikuwa na mafaili. Nilipokelewa na Bwana Kanyimbo, katibu wa Bodi, mtu mnene mwenye kikombe cha chai.

“Nani amekushtaki?” aliniuliza kwa Kiingereza, akiwa bado amesimama.

“Hakuna, mheshimiwa.”

“Kuna mtu ameumia?”

“Hakuna.”

“Mnauza hiyo miwani?”

“Tunagawa bure.”

“Sasa umekuja kufanya nini?”

“Kuuliza, mheshimiwa.”

Aliketi. Alisema yuko na Bodi ile mwaka wa tisa, na watu wote waliowahi kuingia mlango ule ama walitaka leseni ama waliletwa na polisi. Aliyekuja kuuliza hajawahi kumwona. Nilichukua hiyo kuwa sifa. Akasoma kurasa zote nne, taratibu, chai ikapoa.

“Mkeo anapima kwa kutumia nini?”

Nikamweleza habari ya karatasi ya wimbo.

“Na huo wimbo, watu wanaujua?”

“Wanauimba kila Jumapili, mheshimiwa,” nilimjibu kwa fahari. “Kwa sauti nne.”

Aliandika hilo pembeni mwa ukurasa, akalipigia mstari. Nilifurahi kuona hoja yangu imeingia. Nikamwomba muhuri kwenye nakala yangu, na kwa kuwa nakala ina kurasa nne nikamwomba mihuri minne. Akapiga yote. Nilipokuwa naweka karatasi mfukoni alinitazama usoni kitambo.

“Na wewe, miwani yako uliipata wapi?”

“Kwa mke wangu, mheshimiwa. Nilikuwa wa kwanza.”

“Zikomo,” akasema, yaani asante kwa lugha yao. “Tutawaandikia.”

Nilirudi kupitia Area 25 nikiwa nimeikumbatia ile nakala kifuani. Tangu Bukavu sikuwa nimemiliki mihuri minne kwa mpigo.

Kesho yake nilimwambia Eugénie kwamba sasa inabidi asimame. Shauri likiwa mbele ya wenye mamlaka, mwombaji haendelei kana kwamba limekwisha kuamuliwa. Ni utaratibu.

“Balisema nisimame?”

“Hawakusema. Ni utaratibu.”

“Utaratibu ya nani? Ile mahakama yako ilichomwa, Narcisse!”

Hakuwa ameniita kwa jina tangu tulipooana. Hata hivyo alilifunga sanduku kwa kamba, akalipeleka stoo ya kanisa, Mchungaji akatia kufuli. Mimi nilibandika tangazo ukutani kwamba huduma imesitishwa kusubiri uamuzi. Jumanne watu wakaja kama kawaida, wakapanga foleni mbele ya tangazo. Walisema limeandikwa kwa herufi ndogo mno.

Kazi yangu mimi iliendelea, maana haikuwa na Bodi. Nilikuwa nikiwasomea watu barua. Barua zote za ofisi huja kwa Kiingereza, na wengi wetu Kiingereza kinatupiga chenga, kwa hiyo walizileta kwangu nami nikawageuzia kwa Kiswahili. Mwezi Septemba alikuja Godelive. Siku walipokimbia Uvira alipotezana na binti yake Douce kwenye msukumano wa watu bandarini. Mtoto alikuwa na miaka minane. Mimi ndiye niliyemjazia fomu za ofisi ya kutafuta ndugu, na sasa lilikuwa limekuja jibu.

Nilivaa miwani yangu, nikamsomea: “Tunasikitika kukujulisha kwamba mpaka sasa hatujapata habari zozote za mtoto wako. Faili lako linabaki wazi.”

“Isome tena, Papa Greffier.”

Nikaisoma tena. Aliikunja mara nne, akashukuru, akaenda. Niliumia kwa ajili yake, lakini sikushangaa. Ofisi zote huandika barua moja. Mtu akishasoma hamsini, salamu tu inatosha kumwonyesha barua inakokwenda.

Jibu la Bodi lilifika wiki ya kwanza ya Oktoba, kupitia ofisi ya kambi. Nililifungulia nyumbani, mbele ya Eugénie, ambaye alikuwa amejifunga kile kitenge kisafi ingawa siku ilikuwa Jumatano. Wino wa mashine yao ulikuwa umefifia. Nilisogeza barua mbali, nikaisogeza karibu, nikasoma:

“Bodi imelipokea ombi lako na kulitafakari kwa makini. Tunasikitika kukujulisha kwamba kazi iliyoelezwa hairuhusiwi kwa mtu asiye na leseni. Mkeo anatakiwa kuiacha mara moja.”

“Soma tena.”

Nikasoma tena. Mara ya pili iliongezeka sentensi moja, kuhusu hatua kali za kisheria.

Ndani ya bahasha mlikuwa pia na kadi ngumu. Juu yake kulikuwa na herufi kubwa, E, ambayo niliichukulia kuwa alama ya faili, chini yake herufi nyingine chache, na chini kabisa mistari ya nukta ya kutilia sahihi. Fomu ya kukiri kupokea, bila shaka. Nikatia sahihi yangu yote, ile ndefu ya mahakamani, kwenye mistari ya nukta, nikaihifadhi kwenye faili hadi nitakapopata stempu ya kuirudishia.

Eugénie hakupiga kelele. Alifungua kile kitenge, akakikunja, akakiweka chini ya godoro.

“Sawa,” akasema. “Sasa umejua.”

Nimewahi kusikia hukumu nyingi zikisomwa. Hakuna iliyoniingia kama hiyo.

Kuanzia hapo alikwenda kulima mashamba ya wenyeji kwa unga, kama wanawake wengine. Mikono ile iliyokuwa ikishika miwani kwa ncha za vidole ikaota sugu. Aliacha kuniita Papa Aline, akawa ananiita Greffier, kama watu wa nje. Jumanne na Ijumaa alizunguka kanisa kwa nyuma ili asipite barazani. Mwezi Novemba, Godelive alijichoma sindano ya cherehani kwenye ukucha, kwa mara ya tatu. Alikuja kumwomba Eugénie amtafutie miwani nyingine, yenye nguvu zaidi, kwa siri tu.

“Siwezi,” Eugénie akamwambia, akinitazama mimi. “Iko katazo.”

Godelive akaifunika mashine yake kwa shuka, akawa anaishi kwa kuokota kuni. Mimi nilijiambia kwamba angalau tulikuwa ndani ya sheria. Nilijiambia hivyo mara nyingi kwa siku.

Januari mvua ikapenya paa. Eugénie alishusha faili zangu kutoka rafuni azianike, karatasi moja moja, kwenye mkeka. Kisha akainuka na moja mkononi, akaigeuzia kwenye mwanga wa mlango.

“We Greffier. Hii ni nini?”

“Fomu ya kukiri kupokea. Ya Bodi. Nilikosa stempu.”

“Na hapa chini ni nini?”

“Sahihi yangu.”

“Naiona. Uliiandika juu ya nini?”

“Juu ya mistari ya nukta.”

Akaja na ile kadi, akaishika mbele yangu, umbali wa mkono uliokunjwa, kama alivyofanya kwa masista miaka kumi na mmoja.

“Soma ile mistari ya nukta.”

“Nukta hazisomwi, mama.”

“Anza juu, basi.”

Nikasoma E. Mstari wa pili nilisoma herufi tatu, moja kati ya hizo nilibahatisha. Wa tatu nilingoja. Nilingoja maneno yaje kama yanavyokuja siku zote, na hayakuja. Zile herufi hazikuwa na maana yoyote. Hakuna mahali zilipowahi kuimbwa.

“Ile siku nilikupima,” Eugénie akasema polepole. “Ile wimbo. Uliisoma?”

Nilifikiri. Niliapishwa mbele ya mahakama mwaka 1979 kusema kweli, na kiapo hicho hakijafutwa na mtu.

“Niliimba,” nikasema.

Aliziba mdomo kwa mkono. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikadhani anacheka, kumbe ameacha.

“Bote baliimba,” akasema. “Godelive, ule muzee wa Fizi, bote. Miaka kumi na moja kwa basista, na mi napima macho ya bantu na wimbo!”

Akatoka na mvua ile ile, akamwamsha Mchungaji kwenye usingizi wa mchana, akarudi na sanduku kichwani. Alinijaribishia jozi saba. Ya saba ilikuwa ya kike, ya waridi, yenye vijiwe vya kumetameta karibu na masikio. Nikaivaa, nikaitazama kadi. Nilisoma mistari yote mpaka chini, isipokuwa herufi zilizofunikwa na sahihi yangu.

“Sasa leta barua,” akasema.

Nilileta. Nilisoma polepole, kwa kidole, kama mtoto wa shule.

“Kugawa bure miwani ya kusomea iliyokwisha kutengenezwa, kama mlivyoeleza, SI kazi inayohitaji leseni ya Bodi hii. Mkeo anaweza kuendelea. Bodi inatoa ushauri wa mambo mawili. Kwanza, asipime kwa maneno ambayo watu wanayajua kwa kichwa. Kadi ya kupimia imeambatanishwa. Pili, yeyote asiyeona hata kwa miwani yenye nguvu zaidi apelekwe hospitali ya wilaya. Tunashauri pia mwandishi wa ombi hili apimwe tena, wa kwanza kabisa.”

Ile SI, kwa Kiingereza chao NOT, walikuwa wameipiga kwa herufi kubwa. Hiyo niliiona tangu Oktoba. Ndiyo pekee niliyoiona, na mengine yote nilimalizia mwenyewe.

Nilingoja anifokee. Ningependa anifokee. Alihesabu kwa vidole, Oktoba, Novemba, Desemba, akafika kwenye mashine ya Godelive iliyofunikwa shuka, akaacha kuhesabu. Kisha akatazama rafu yangu, pale watu walipokuwa wakiketi chini yake kusomewa.

“Na barua za bantu?”

“Barua gani?”

Nilijua ni zipi. Kwa mwaka mmoja na zaidi niliwasomea watu barua nikiwa na miwani ile nyeusi. Nilikumbuka sura zao wakiondoka, karatasi imekunjwa mkononi, wakinishukuru. Aibu ikanipanda mpaka masikioni, pale penye vile vijiwe.

“Enda,” akasema. “Anza na Godelive.”

Nilikwenda na miwani ya waridi usoni, mvua ikininyeshea. Godelive alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anachambua mboga za maboga, mashine nyuma yake ndani ya shuka. Aliponiona alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

“Papa Greffier! Mama Aline anajua kama umevaa miwani yake?”

“Leta ile barua ya Septemba,” nikamwambia. “Ile ya ofisi ya kutafuta ndugu.”

“Ya nini? Mi naijua yote.”

“Ilete tu, mama.”

Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kadi yake ya chakula. Ilikuwa imekunjwa mara nne, kama siku ile. Nikaifungua. Hakungoja nianze. Alianza mwenyewe, tangu salamu, kwa sauti ndogo, macho kwenye mboga zake, kama watu wanavyosali, na nilitambua kila neno kwa kuwa lilikuwa langu.

“Tunasikitika kukujulisha kwamba mpaka sasa…”

Tulikwenda pamoja kwenye salamu. Baada ya salamu tukaachana. Yeye alikuwa kwenye “hatujapata habari zozote”, na kidole changu kilikuwa juu ya neno lisilohitaji kugeuzwa lugha. Liliandikwa Douce. Mbele yake waliandika miaka kumi na mmoja, na jina la kambi moja upande wa Kigoma, na chini yake waliomba mama wa mtoto ajibu upesi. Tarehe ilikuwa ya nne Septemba.

“…faili lako linabaki wazi,” Godelive akamaliza. Akanyoosha mkono apewe barua yake aikunje.

Sikumpa. Nikamwambia aketi. Alikuwa ameketi tayari, kwa hiyo nikaketi mimi, pale kwenye matope, nikaanza kusoma.